Mashine za figo zimesogea mikoani, sasa tuulizane kuhusu bingwa

Hapa Tanga siku hizi maongezi ya figo yanaanzia kwenye mashine na yanaishia hapohapo kwenye mashine. Ukimuuliza mtu mgonjwa wake anaendeleaje anakwambia kapata nafasi ya kusafisha damu, anaenda, alhamdulillah, basi yamekwisha. Naelewa kabisa kwanini, manake sio zamani sana ukiambiwa figo zimefeli ilikuwa ni kufunga mizigo kwenda Dar, kilometa kama 350, ukapange chumba au ukalale kwa ndugu Mbagala, mgonjwa na anayemuuguza wote kazi zimesimama, mpaka hela iishe au mgonjwa mwenyewe aishe. Kwahiyo huduma kusogea kwenye hospitali za mikoa ni jambo kubwa na waliolipigania wanastahili shukrani. Ila kuna kitu naona hatukisemi na kinatuua watu. Mashine haijiendeshi. Kuna mtu anatakiwa aamue ile mashine ifanye nini kwa huyu mgonjwa na sio kwa yule wa kitanda cha pili, na kuna mtu alitakiwa amuone huyu mgonjwa mwaka mmoja au miwili kabla hajafika pale. Mtu huyo ni daktari bingwa wa figo, na sisi wa mikoani tunakutana naye mwisho kabisa, wengine wanazikwa hawajawahi kumuona.

Chukua hesabu ndogo tu. Figo nzima zinafanya kazi usiku na mchana, masaa 168 kwa wiki. Mashine kwa ratiba kamili, mara tatu kwa masaa manne manne, ni masaa 12. Na wengi wetu kwasababu ya hela na nauli wanaenda mara mbili, yaani masaa 8 basi. Kila kitu ambacho figo zilikuwa zinakifanya taratibu wiki nzima inabidi kibanwe humo ndani: maji yatolewe kiasi gani, potasiamu (madini ambayo yakizidi kwenye damu yanasimamisha moyo) kwenye yale maji ya mashine iwe kiwango gani, sindano ya kuongeza damu ipandishwe au ishushwe, dawa za presha mgonjwa ameze kabla ya kuunganishwa au akishatoka. Manesi wa mashine wanaijua kazi yao, na mimi nawaheshimu sana kwasababu ndio wanaokaa na wagonjwa wetu kuliko mtu mwingine yeyote, lakini nesi anafuata maelekezo yaliyoandikwa kwenye faili. Sasa yaliandikwa na nani, na yaliandikwa lini?

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Shangazi yangu anatoka Pangani, anasafisha damu kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Kila akifika anapimwa uzito, na kwenye faili lake kuna namba inaitwa uzito mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada mwilini. Mashine inatoa tofauti kati ya uzito wa siku hiyo na ule uzito mkavu, ndio hesabu yenyewe. Yake iliandikwa kilo 58 siku anaanza na haikuguswa tena. Baada ya muda akaanza kulala na mito mitatu, akilala chali pumzi inakata, presha ikawa haishuki. Daktari wa zamu akaongeza dawa ya presha, akaja mwingine akaongeza nyingine, mama wa watu anameza vidonge kama karanga na bado hali ileile. Siku bingwa wa figo alipopita akamkalisha, akamminya miguu, akaangalia mishipa ya shingo, akasikiliza kifua, alafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, "Mama, nguo siku hizi zinakubana au zinakupwaya?" Shangazi akamwambia, "Zinanipwaya mwanangu, hata hii kanga naizungusha mara mbili."

Hapo bingwa akawa kamaliza. Kama nguo zinapwaya na mizani bado inasema 58 basi nyama imeondoka na maji yamekaa mahali pake. Ugonjwa ulikuwa umemkata hamu ya kula, amekonda, na kila anapotoka kwenye mashine anaambiwa yuko sawa wakati amebeba lita kadhaa za maji mwilini zinazolemea mapafu na moyo. Ile namba ikashushwa kidogo kidogo, kila awamu nusu kilo, mpaka 54, dawa za presha zikapunguzwa badala ya kuongezwa, na mito ikarudi mmoja. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa hapo. Kuna mtu aliyesomea hicho kitu aliuliza swali moja na akajua jibu lake maana yake nini.

Na ukigeuza upande wa pili kuna hatari yake pia. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulioonyesha kwamba maji yakivutwa kwa kasi zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, vifo vinaongezeka, hasa vya moyo. Piga hesabu kwa mtu wa kilo 60 kwa masaa manne, inakuja kama lita 3 na kidogo. Sasa huyu wetu anayekuja mara mbili kwa wiki, amekaa siku tatu au nne katikati, anafika na lita 5 mwilini. Ukizivuta zote kwa pamoja presha inaanguka, anashikwa na mikakamao ya miguu mpaka analia, moyo unapata shida. Ukiziacha anaondoka nazo. Mwaka huohuo wa 2011 utafiti mwingine wa Marekani wenye wagonjwa zaidi ya 32,000 ulionyesha siku inayofuata ule muda mrefu wa mwisho wa wiki bila mashine ndio siku ambayo watu wanakufa zaidi, na hao ni watu wanaosafisha mara tatu. Kwahiyo anayesafisha mara mbili ndiye anayehitaji jicho la bingwa kuliko wote, na kwetu ndiye anayelipata kidogo kuliko wote, jamani.

Sasa twende nyuma, kabla ya mashine, kwasababu naona huko ndiko tunakopoteza watu wengi zaidi. Watu wa figo duniani wamelichunguza sana hili swali la mgonjwa kumuona bingwa mapema au kwa kuchelewa. Mwaka 2014 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti 40 zenye wagonjwa zaidi ya 60,000 na jibu lilikuwa wazi, waliofika kwa bingwa mapema walikufa wachache zaidi, walilazwa siku chache zaidi pale walipoanza kusafishwa, na wengi wao walianza mashine wakiwa na njia nzuri ya damu mkononi badala ya mpira wa kupitishia damu shingoni. Ni kweli tafiti za aina hii hazikugawa watu kwa kura, anayefika mapema anaweza kuwa ndiye mwenye uwezo na elimu, hilo tulikubali. Lakini ukiangalia kinachofanyika katika ile miezi ya mapema unaona wazi sababu zenyewe, sio bahati tu.

Hebu tuangalie hili la mpira. Mgonjwa wetu wa kawaida anafika hospitali usiku, kavimba, anatapika, kachanganyikiwa, kreatinini (taka ya kwenye damu inayopimwa kujua figo zinafanyaje kazi) imepaa, anawekewa mpira shingoni usiku uleule ili aokolewe. Sawa, ameokolewa. Alafu ule mpira unakaa miezi, na joto hili letu la pwani na jasho, nyumba ya bati, maji ya kuoga ya ndoo, na kila siku ule mpira upo ni mlango wa vijidudu kuingia moja kwa moja kwenye damu. Homa na kutetemeka katikati ya kusafishwa, wanaouguza wanaijua hiyo. Njia nzuri ni fistula, sio ile ya uzazi, hii ni mishipa miwili ya damu ya mkononi ambayo daktari wa upasuaji anaiunganisha pamoja, lakini fistula inahitaji wiki sita mpaka miezi mitatu kukomaa ndio ichomwe sindano. Maana yake mtu alitakiwa kuunganishwa miezi kadhaa kabla ya kuhitaji mashine, na kabla ya hapo alitakiwa ashauriwe kwamba ule mkono asitolewe damu wala asiwekewe dripu. Bila bingwa aliyemuona mapema nani atamwambia hayo? Ameshachomwa dripu kwenye mikono yote miwili miaka yote, mishipa imekufa, sasa ndio anaulizwa mkono gani tuunganishe.

Kinachouma zaidi ni kwamba wagonjwa hawa wengi hawakutokea porini. Walikuwa wanakuja kliniki. Mtu ana presha miaka kumi, ana sukari miaka nane, kila mwezi anapanga foleni anapimwa presha, anapewa vidonge, anarudi Ngamiani kwake. Hakuna siku mkojo wake uliwekewa kijiti kuangalia protini, na kreatinini ilipimwa siku alipovimba. Figo haipigi kelele, unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya kazi yake na bado unaendesha baiskeli yako kutoka Chumbageni mpaka Mabanda ya Papa bila kuhisi kitu, na hata kreatinini yenyewe inachelewa kupanda, protini kwenye mkojo ndiyo inayotangulia kutoa taarifa. Na hapo katikati mgonjwa ana maumivu ya magoti, anaingia duka la dawa ananunua diklofenaki, dawa ya maumivu inayoumiza figo, kila wiki, hakuna aliyemkataza. Bingwa wa figo, au hata daktari wa kawaida aliyefundishwa vizuri na bingwa, anajua katika hatua hiyo dawa kama losartani au lisinoprili sio za presha tu, zinachelewesha figo kufa. Tangu mwaka 2020 utafiti mkubwa umeonyesha dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya sukari, inapunguza kwa karibu asilimia 39 hatari ya figo kuporomoka au mtu kufa kwa figo au moyo. Dawa ni vidonge. Bei yake ya mwezi huwezi kuilinganisha na kusafisha damu mara 156 kwa mwaka.

Kuna woga mmoja mtaani lazima niuseme. Watu wanasema ukienda kwa bingwa wa figo atakuweka kwenye mashine, kwahiyo bora usiende. Wallahi hii imani imeua watu. Ukweli ni kinyume chake. Australia na New Zealand walifanya utafiti kwa wagonjwa 828, uliotoka mwaka 2010, nusu wakapangiwa kuanza mashine mapema figo zikiwa bado na kazi kidogo na nusu wakapangiwa wasubiri mpaka dalili zije au kazi ya figo ishuke kabisa. Hakukuwa na tofauti ya kuishi. Maana yake ni kwamba bingwa anayemfuatilia mtu kwa karibu anaweza kumuacha nje ya mashine kwa miezi mingi kwa usalama, kwa kumbana kwenye chakula na dawa, kwasababu anamuona na anajua lini hasa. Asiyefuatiliwa ndiye anayekimbizwa kwenye mashine usiku wa manane.

Na kuna wengine ambao hawakutakiwa kubaki kwenye mashine kabisa. Mama aliyepata kifafa cha mimba, kijana aliyeumwa na nyoka huko Handeni, mtoto wa malaria kali, mtu aliyeharisha mpaka akakauka, hawa figo zao zinaweza kusimama ghafla na zikaamka tena baada ya wiki au miezi. Wanahitaji mashine kwa kipindi. Lakini ili ujue figo inaamka lazima mtu aulize mkojo umeongezeka kiasi gani, apime kreatinini kabla ya kusafisha na ailinganishe na ya wiki iliyopita, ajaribu kupunguza awamu. Kama hakuna mwenye hilo jukumu mgonjwa anaendelea kuja, familia inaendelea kuuza mashamba, na presha ikishuka hovyo kwenye mashine inaweza hata kuirudisha chini ile figo iliyokuwa inajaribu kupona. Ukinambia tuchague sehemu moja tu ya kuweka bingwa mimi nitasema hapa, kwenye miezi mitatu ya mwanzo ya kila mgonjwa mpya.

Lakini nisiwe wa kusema tu bingwa bingwa kana kwamba kuonekana kwake wodini kunatosha. Marekani mwaka 2004 walibadilisha malipo ya madaktari wa figo, daktari akimuona mgonjwa wa mashine mara nne au zaidi kwa mwezi analipwa zaidi kuliko akimuona mara moja. Ziara ziliongezeka kweli. Watafiti walipoangalia kama wagonjwa wameishi zaidi au wamelazwa pungufu hawakuona faida ya maana. Daktari anapita, anasaini, anaenda kitanda kingine. Ila kuna sehemu moja walipoona faida, mgonjwa akiwa ametoka kulazwa, akionwa na daktari wake wa figo mara nyingi zaidi ndani ya ule mwezi wa kwanza anarudi wodini mara chache zaidi. Na ukifikiria inaeleweka, manake akitoka wodini amekonda, uzito mkavu umebadilika, dawa zimebadilishwa na mtu mwingine, damu imeshuka, ndio wakati ambao kuna maamuzi ya kufanya. Kwahiyo ziara yenye kazi ndani yake ndiyo inayookoa, na sisi wenye mabingwa wachache hii ni habari njema kwetu, kwasababu hatuhitaji bingwa akae Tanga kila siku, tunahitaji aje au apigiwe pale ambapo kuna uamuzi.

Kuna jambo la chakula ambalo nalo linataka mtu anayejua na anayejua pwani. Makaratasi ya ushauri wanayopewa wagonjwa mengi yameandikwa kwa watu wa kwingine, yanakataza vitu ambavyo hapa hakuna anayevila na yananyamazia vyetu. Hapa kwetu dafu ni kinywaji cha mgonjwa, mtu akiumwa la kwanza analetewa dafu, na kikombe kimoja kinaweza kuwa na miligramu 400 mpaka 600 za potasiamu wakati mgonjwa wa mashine anatakiwa asivuke kama 2,000 na ushee kwa siku nzima. Machungwa ya Muheza hivyohivyo, msimu ukifika mtu anakula matano akiwa amekaa. Potasiamu ikipanda haikuambii, moyo unasimama tu. Ng'onda, samaki mkavu, nayo ni chumvi, chumvi inaleta kiu, kiu inaleta maji, maji yanarudi kwenye zile lita 5. Alafu birimbi, lile tunda chachu. Sisi tunaiweka kwenye mchuzi wa samaki, kwenye achari, kuna wanaoikamua juisi kama dawa ya presha na mafuta. Birimbi imejaa oksaleti, kemikali inayoganda na kuziba figo, na mwaka 2013 huko Kerala, India, madaktari waliripoti watu waliokunywa juisi yake ili kushusha kolesteroli wakaishia na figo kufeli. Ndugu yake yule tunda la nyota ni mbaya zaidi kwa mgonjwa wa mashine, anaanza na kwikwi zisizokatika, anachanganyikiwa, anaweza kufa. Mgonjwa gani wa Tanga ameambiwa hili? Muhogo na mchicha vinaweza kuliwa ukivikata vidogo ukavichemsha maji ukayamwaga, sio lazima kumnyima mtu chakula chake chote mpaka akonde, na kukonda kwenyewe tumeona kunavyovuruga uzito mkavu.

Sasa tufanyeje na mabingwa hawa wachache ambao wengi wako Dar na kwenye hospitali kubwa za kanda? Mimi naona kila kituo cha kusafisha damu mkoani kiwe na bingwa wake wa kudumu hata kama anaishi mbali, jina lake likae ukutani, aje kwa ratiba inayojulikana, na katikati ya ziara kila mwezi apitie kwa simu au kwa video mafaili yote na daktari wa pale pale: uzito mkavu, damu, potasiamu, hali ya mpira au fistula, dawa. Daktari wa pale ambaye sio bingwa akifanya hivyo na mtu mmoja yuleyule kwa mwaka atakuwa amejifunza mambo mengi kuliko semina yoyote ya siku mbili hotelini. Tangu 2024 tumeona kambi za madaktari bingwa zikizunguka halmashauri, watu wanajaa, ni jambo zuri, lakini figo ni ugonjwa wa miaka na kambi ni ya siku chache, mgonjwa wa figo anamhitaji mtu atakayerudi.

Na kwenye kliniki za sukari na presha, kuanzia Korogwe mpaka Mkinga, iwe lazima kijiti cha mkojo na kreatinini angalau mara moja kwa mwaka, na iwepo namba iliyokubaliwa ambayo ikifika tu mgonjwa anaandikiwa rufaa kwa bingwa, hakuna kusubiri avimbe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na kwenye utekelezaji wake ndipo hili litashinda au litakufa. Bima ikilipia awamu ya mashine alafu haimlipi bingwa anayepitia mafaili kwa simu, hailipii kreatinini ya mtu ambaye bado ni mzima, hailipii upasuaji wa fistula mapema, itakuwa inalipa palipo ghali kuliko pote. Wanaopanga vitita waliangalie hili kabla halijaandikwa likakauka.

Wakati hayo yanasubiriwa, wewe unayempeleka mama au baba yako kwenye mashine wiki hii, uliza kwa heshima, hakuna nesi mzuri atakayechukia: uzito mkavu wa mgonjwa wangu ulibadilishwa lini na nani, mkojo wake bado unapimwa, mpira huu una muda gani na fistula imepangwa lini, bingwa wa figo alimuona mara ya mwisho tarehe ngapi. Andika majibu kwenye daftari. Kama hiyo tarehe haipo kwenye faili, muombe daktari wa kituo aandike rufaa au apige simu kwa bingwa mwezi huuhuu, na kama mgonjwa ndio katoka kulazwa, usisubiri hata mwezi.